Sindano imekata hedhi, je nitazaa tena?

SWALI: Shikamoo dada nesi. Nina miaka 18, nimeolewa, naishi Kongwa. Mtoto wangu ana miezi minane na bado ananyonya. Nimechoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu mara mbili, na siku zangu sizioni. Mama mkwe anasema damu inaganda tumboni na kizazi kitaziba. Mume wangu anataka nibebe tena mtoto akitimiza miaka miwili. Niache?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hakuna damu inayoganda. Kwa kawaida ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa kila mwezi, mimba isipotunga unabomoka, na hiyo ndiyo hedhi. Dawa ya sindano huuacha ukuta huo mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Kunyonyesha nako huchelewesha siku.

Kizazi hakizibi. Ila mama mkwe usimbishie sana, maana kuna kitu amekiona mtaani: mwanamke anaacha sindano na mimba haiji upesi. Ni kweli. Kwa wastani huchukua kama miezi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine hupita mwaka. Majirani wanahesabu miezi, wanahitimisha kwamba ameharibika.

Mpango wa mume wako ni mzuri, hata Shirika la Afya Duniani linashauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua. Kwa mpango huo, mimi ningekushauri uhamie kipandikizi. Mkono unatiwa ganzi, kijiti kinawekwa chini ya ngozi upande wa ndani juu ya kiwiko. Kipo cha miaka mitatu na cha mitano, lakini si lazima uimalize: kikitolewa, unaweza kushika mimba hata mwezi huohuo. Umri wako hauna kizuizi, na kunyonyesha hakukatazi. Usumbufu wake mkubwa ni damu ya matonematone isiyo na ratiba. Ukiweza, nenda na mume wako aisikie hiyo mapema, asije akakulazimisha ukitoe.

Kabla hujawekewa, uliza nani hapo zahanati anajua kukitoa na yupo siku gani. Wengi hawaulizi. Katika vituo vya serikali huduma hii ni bure.

Nenda tarehe ya sindano inayofuata iliyoandikwa kwenye kadi, usisubiri hedhi irudi. Kama tarehe hiyo imeshapita kwa zaidi ya wiki nne, pima mimba kwanza.