Alama isiyosikika ndani ya wimbo: nini kitabaki ukishapita kwenye simu za watu

Aleikum salaam ndugu yangu. Umeuliza hivi: unarekodi kasida na taarab hapo Majengo, wateja huchukua nakala ya kusikiliza tu, na kabla hujamaliza kuuchanganya wimbo ushafika kwenye magrupu ya WhatsApp na unalia kwenye matatu. Rafiki yako amekupa programu inayoficha jina ndani ya faili ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, bila sikio kutambua, nawe wataka kujua kama itakufaa. Mimi nina studio ndogo Kibokoni, hapa hapa Mombasa, na jambo hili nimelishughulikia muda mrefu, kwa hivyo niwie radhi nikirefusha.

Programu hiyo ni ya kweli, lakini haifanyi kazi unayoitaka wewe. Sauti ya kiwango cha CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani tarakimu 16 za sifuri au moja, maana yake kuna ngazi 65,536 za ukubwa. Biti ya mwisho ndiyo yenye uzito mdogo kuliko zote. Ukiigeuza, sauti inasogea ngazi moja, kiasi cha desibeli 90 chini ya kilele, na hakuna atakayeisikia. Programu kama hiyo huzitwaa biti hizo za mwisho na kuandika ujumbe wako humo. Nafasi ni kubwa ajabu: wimbo wa dakika 3 wa stirio una biti za mwisho 15,876,000, karibu megabaiti 2. Mashairi yote, picha ya kundi na mkataba wenu vitaenea.

Tatizo ni kwamba wimbo hausafiri ukiwa WAV. Wa kwanza kuupata anaugeuza MP3, na hapo biti 1,411,200 za kila sekunde hupunguzwa pengine hadi 128,000. Upungufu wa mara 11 wawezekana kwa sababu MP3 imejengwa juu ya elimu ya usikivu. Panapolia sauti kubwa, sauti ndogo iliyo jirani yake kimasafa, yaani kwa wembamba au unene wa mlio, hufunikwa, basi haina haja ya kuandikwa kwa usahihi. Wewe umelificha jina mahali sikio halifiki, na MP3 hufagia papo hapo. Haibaki hata herufi. Hata bila MP3, ukiifungua WAV hiyo kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, ukapunguza sauti kidogo tu na kuihifadhi upya, kila kipimo hukokotolewa upya na biti zako za mwisho zinavurugika. Njia hii inawafaa watu wawili wanaopelekeana faili lisiloguswa na mtu kati yao. Wimbo wa harusi hauendi hivyo.

Wengine watakushauri uweke mlio wa juu sana, wa 18,000 Hz (mitikisiko kwa sekunde) na zaidi, ambao watu wazima wengi hawausikii. Usihangaike. MP3 ya 128 kwa kawaida hukata kuanzia kama 16,000 Hz, redio ya FM hukomea 15,000 Hz, na simu ya kawaida inayopima sauti mara 8,000 kwa sekunde haiwezi kubeba chochote kilicho juu ya 4,000 Hz. Watoto nao wana masikio makali, watakwambia wimbo unapiga filimbi.

Alama itakayookoka lazima ikae ndani ya kile kinachosikika, pale ambapo hakuna programu itakayothubutu kufuta kwa kuwa ikifuta wimbo wenyewe unaharibika. Fikra hii ni ya zamani kuliko kompyuta za nyumbani. Mwaka 1954 Emil Hembrooke wa kampuni ya Muzak, Marekani, aliomba hataza ya kutia kitambulisho katika muziki: chujio lilikuwa likikata masafa ya karibu na 1,000 Hz kwa vipindi vifupi na virefu, kwa mtindo wa Morse. Msikilizaji alisikia muziki, na mwenye chombo alisoma namba.

Ninayoitumia mimi, na ninayokupendekezea, ni ya mwangwi. Ilielezwa vizuri mwaka 1996 na Bender, Gruhl, Morimoto na Lu, watafiti wa chuo cha MIT, Marekani. Unachukua wimbo, unaunakili kwa sauti ya chini, na unaurudisha juu ya wimbo wenyewe ukiwa umechelewa kidogo mno. Sikio haliutambui kuwa mwangwi, huuchanganya na sauti ya asili na kuona kama rangi ya chumba tu. Kila nakala ina namba yake, nayo huandikwa kwa sifuri na moja. Kwa sifuri mimi huchelewesha milisekunde 1, ambayo ni vipimo 44, na kwa moja huchelewesha milisekunde 1.3, ambayo ni vipimo 57. Kila biti hukaa nusu sekunde, kisha najongea taratibu kutoka mwangwi mmoja hadi mwingine, kwani ukibadilisha ghafla kutasikika mkwaruzo. Namba ya biti 16 inakula sekunde 8. Katika wimbo wa dakika 5 namba hiyo hiyo hurudiwa mara 37, na wakati wa kusoma kila biti hupigiwa kura: jibu lililotokea mara nyingi ndilo hushinda. Marudio mengine yanaweza kuharibika yote na jibu likabaki sahihi.

Kusoma kunahitaji hesabu kidogo. Unapiga Fourier, hesabu ya kuigawa sauti katika masafa yake, kwenye kila kipande cha nusu sekunde, unachukua logi ya ukubwa, kisha unapiga Fourier ya kurudi. Mwangwi hujitokeza kama mwiba mahali pa ucheleweshaji wake. Unalinganisha: mwiba wa 44 na wa 57, upi mrefu? Basi. Huhitaji wimbo wa asili kuwa nao mkononi, na hilo linanifurahisha kuliko yote.

Ukubwa wa mwangwi ndipo penye kazi ya sikio, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Mwangwi wa asilimia 30 hupandisha baadhi ya masafa kwa desibeli 2.3 na kushusha mengine kwa 3.1, na mabonde hayo huhama kila biti inapobadilika. Bendi nzima ikiwa inapiga, fidla, akodiani, ngoma na waitikiaji, hakuna ajuaye. Udi ukibaki peke yake kwenye bashrafu, kipande cha ala bila kuimba, mtu aliyelelewa na udi atageuza shingo. Kwa hivyo kwenye vipande vitupu mimi hushuka hadi asilimia 15 au naacha kabisa, na kwenye ukimya hakuna cha kurudisha mwangwi hata hivyo. Kisomo cha Qur'ani sikitii alama yoyote. Sauti moja pekee haina cha kuifunika alama, na juu ya hilo, naona adabu ya kazi ile ni kuiacha kama ilivyotoka kinywani mwa msomaji.

Kuna njia nyingine yenye nguvu, ya kusambaza alama katika masafa mengi, iliyopata umaarufu kupitia mtafiti Cox na wenzake mwaka 1997. Ufunguo wa siri huzalisha mfuatano mrefu wa +1 na −1 unaoonekana hauna mpango, nao huongezwa kwa udogo mno. Mwenye ufunguo akizidisha na kujumlisha vipimo milioni 13 vya wimbo wa dakika 5, alama hukua kwa milioni 13 hali muziki hukua kama kwa mzizi wake tu, 3,600 hivi, ndiyo sababu kitu kidogo hivyo huibuka. Lakini DJ akiuongeza kasi wimbo kwa asilimia 3, mfuatano hauoani tena mpaka utafute kasi yake kwa subira. Mwangwi hustahimili: 44 inakuwa 43, 57 inakuwa 55, bado ziko mbali. Kwa mji huu wa madijei, nachagua mwangwi.

Nikupe lililotokea. Kundi moja la kina mama la taarab lilirekodi kwangu nyimbo za kutoa kabla ya msimu wa harusi. Nilitoa nakala chache za kusikiliza, kila mtu na namba yake, na niliwaambia wote kuwa nakala zina alama. Wimbo mmoja ulivuja. Niliupata kwenye fleshi ya matatu ya Likoni, MP3 iliyobanwa na kubanwa tena hadi matoazi yanalia kama maji. Namba ilitoka safi. Mama kiongozi alitaka mtu yule aitwe palepale. Nikamsihi tumuulize kwanza, na kumbe alikuwa amepeleka fleshi yake duka la kuchapisha karatasi, wakanakili vyote vilivyokuwamo. Alama inakuonyesha nakala ilikotoka, haikuonyeshi mkono ulioitoa. Kumvunjia mtu heshima mbele ya kundi kwa namba ya biti 16 ni dhulma, na nakuomba usiifanye wala usiwaache wateja waifanye.

Usidhani pia kuwa haivunjiki. Mwaka 2000 muungano wa kampuni za muziki ulioitwa SDMI uliwaalika watu wajaribu kuondoa alama zake. Kundi la Edward Felten wa chuo kikuu cha Princeton liliziondoa, na mojawapo waliikuta ni ya mwangwi, ngumu kuliko hii yangu. Walitishiwa mashtaka, lakini mwaka 2001 waliueleza utafiti wao hadharani. Anayejua ucheleweshaji wako anaweza kuufuta. Watu wawili wenye nakala tofauti wakiitoa kihesabu moja katika nyingine wataona pa kuanzia. Basi badilisha ucheleweshaji kwa kila kazi, andika kwenye daftari lako, na programu ya kusomea usimpe mtu.

Tena alama si ushahidi wa umiliki peke yake, maana mwingine anaweza kutia yake juu ya yako. Kwa Kenya hakimiliki unayo tangu kazi inaporekodiwa, na KECOBO, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, wanasajili, kwa hivyo sajilini. Tunza vipande vya mradi mzima, kila chombo na njia yake, kwa sababu mvujishaji hana hivyo. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 pia inamgusa anayeondoa makusudi taarifa za kielektroniki za kutambulisha haki.

Ukishatengeneza yako, ipitishe kwenye njia zote ambazo nyimbo za hapa hupita: MP3 ya 128, WhatsApp kama faili na kama ujumbe wa sauti, redio ikiwezekana, na simu iliyowekwa mbele ya spika. Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu. Milisekunde 1 ni sauti kusafiri sentimita 34 zaidi, hivyo meza au ukuta wa karibu hutia mwangwi wake wenyewe. Ishike simu mkononi mbali na meza, rekodi dakika mbili au zaidi, ndipo kura zitoshe. Niambie unatumia kompyuta ya aina gani, nikuandikie hapa programu fupi, kwa lugha ya Python, ya kutia na ya kusoma, uanze na wimbo wako mwenyewe kabla hujagusa wa mteja.