Muulize Bibi Koplo: "Binti yangu anataka bunduki"

*Bibi Koplo ni askari mstaafu wa mawasiliano. Anaishi Majengo, Moshi, anafuga kuku, na kila mwezi anajibu barua za wasomaji.*

Bibi Koplo, shikamoo. Mimi ni baba wa watoto wanne, nina kihamba cha kahawa na migomba huku Kibosho. Binti yangu wa pili alimaliza kidato cha sita akaenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kambi ya Oljoro, kwa mujibu wa sheria, miezi mitatu. Amerudi amekonda na jua limempiga, na kila siku anaamka saa kumi alfajiri kufagia uwanja huku anaimba chenja, zile nyimbo za jeshini. Hayo sina ugomvi nayo. Sasa anasema anarudi kujitolea, na baada ya hapo anataka jeshi. Tena si uuguzi wala ukarani. Anataka chuo cha kijeshi cha Monduli, awe afisa wa jeshi la miguu. Mama yake amenyamaza. Kaka yangu mkubwa aliitisha kikao cha ukoo akasema mwenye kuzaa hapeleki mwili wake kwenye risasi, na kwamba vita ikija wanaume wataacha kupigana waanze kumlinda yeye. Nilikosa la kujibu. Wewe ulivaa kombati. Nimruhusu?
*Baba Mtu, Kibosho*

Marahaba, baba. Nikutoe wasiwasi mmoja kwanza: huyo binti haombi ruhusa. Mtu anayefagia uwanja saa kumi alfajiri bila kuamshwa ameshaondoka, limebaki begi tu.

Kaka yako simchukulii mjinga. Aliyoyasema kwenye kikao yamesemwa na majenerali wa nchi kubwa, tena juzi juzi. Kwa hiyo nitamjibu yeye zaidi yako, na naomba umsomee akiwa ameshakula.

Mwaka 1979, wakati wa vita yetu na Idi Amin wa Uganda, nilikuwa na miaka 21, niko Mwanza kwenye redio. Wavulana niliosoma nao mawasiliano walipelekwa mbele, Kagera, halafu wakavuka. Sisi wasichana tukaambiwa tubaki nyuma kwa sababu nyuma kuna usalama. Nilinuna kidogo, nikafurahi zaidi, sitakudanganya. Basi mwishoni mwa Machi, Gaddafi wa Libya, aliyekuwa upande wa Amin, akatuma ndege ije kuupiga mji wa Mwanza. Rubani akakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama, wakafa swala. Watu walicheka hadi leo wanacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu na vifaa masikioni, na bunduki iliyoegemea ukuta pembeni yangu nilikuwa sijaishika tangu nitoke ukuruta. Nilipigishwa shabaha mara mbili, risasi tano tano, mkufunzi akasema "inatosha kwa wasichana". Siku ile nilielewa kwamba "nyuma" ni neno la mtu aliyeshika ramani. Aliye juu kwenye ndege haoni nyuma wala mbele.

Sasa mwambie kaka yako hivi: swali la kama mwanamke aingie vitani limeshajibiwa na vita yenyewe. Oktoba 1978 askari wa Amin walipoingia Kagera, raia waliuawa kwa mamia, wanawake wakabakwa majumbani mwao. Risasi ilimfuata mwenye kuzaa hadi jikoni. Na usiseme hayo ni ya zamani. Desemba 7, 2017, kambi ya walinda amani wetu pale Semuliki, Kivu Kaskazini huko Kongo, ilivamiwa, tukapoteza askari wasiopungua 14. Kambi ina jiko, ina gereji, ina dereva aliyelala na mtu wa redio kama mimi. Kambi ikivamiwa, hakuna anayekuuliza wewe ni wa miguu au wa stoo. Ukishavaa sare umeshaingia. Lililobaki ni kama umefundishwa kupigana, au umeegemeshewa bunduki ukutani kama nilivyoegemeshewa mimi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema mwanamke awepo jeshini ila asifundishwe kazi ya mbele. Huko ni kumpeleka vitani nusu.

Na hapa kwetu kuna kichekesho kingine. Tangu Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu wetu ni mwanamke. Septemba mwaka huohuo Wizara ya Ulinzi ikapata waziri wa kwanza mwanamke, Dkt. Stergomena Tax. Kwa hiyo mwanamke anaweza kumtuma mtoto wako wa kiume vitani, ila mtoto wako wa kike hawezi kwenda naye? Kaka yako anieleze hapo, na mimi nitampikia kitalolo.

La kwamba wanaume wataacha vita wamlinde msichana, ukweli ni kwamba askari humlinda aliye karibu yake, awe nani. Hilo hufundishwa, halina jinsia. Nachingwea, hapahapa Tanzania, mwaka 1967 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walianza kuwafunza silaha wasichana wao, na kelele zilikuwa zilezile. Wakabeba risasi, wakalinda vituo, wengine wakapigana. Mmoja wao, Josina Machel, alifia Dar es Salaam Aprili 7, 1971 akiwa na miaka 25, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Wanawake ya Msumbiji mpaka leo. Eritrea nako karibu theluthi ya wapiganaji wa msituni walikuwa wanawake, na vita ile ya uhuru walishinda. Sijasikia mwanaume wa Eritrea akisema walishindwa kulenga kwa sababu ya kutazama wasichana.

Suala la mwili ndilo linalonifanya nipunguze sauti. Najua mtaniambia: mama wa Kilimanjaro hupanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani unaomzidi urefu, atashindwaje na begi la jeshi? Nimeisikia hoja hiyo kwenye vikao vingi vya akina mama na nimeipigia makofi. Lakini yule mama hupanda taratibu, hupumzika akichoka, wala hakuna anayemrushia risasi. Begi la askari wa miguu unakimbia nalo, unalala nalo chini, unainuka nalo, na mwenzako akipigwa unambeba na yeye. Wengi wetu, kwa wastani, tuna nguvu kidogo mabegani kuliko wanaume, na wasichana huumia zaidi mifupa ya miguu na nyonga wakati wa mafunzo. Huo ni ukweli wa daktari, hauna chuki.

Dawa yake ni kipimo kimoja. Anayeweza apite, asiyeweza arudi, awe na ndevu au asiwe nazo. Marekani walipofungua kwa majaribio kozi ya Ranger, ile kozi ngumu ya jeshi lao la nchi kavu, mwaka 2015, wanawake 19 walianza Aprili. Agosti wakafaulu wawili, Kristen Griest na Shaye Haver, Oktoba akamaliza wa tatu. Watatu kati ya 19! Kuna waliosema "mmeona?" na mimi nilisema hivyohivyo, nikimaanisha kinyume chake. Hata wanaume kwenye kozi ile wanaoanguka ni wengi. Mwisho wa mwaka ule kazi zote za jeshi lao zikafunguliwa kwa wanawake, na Uingereza wakafuata 2018. Kitakachomuua binti yako ni kupunguziwa kipimo kwa huruma. Akikutana na mkufunzi wa "inatosha kwa wasichana", amwombe risasi nyingine kumi.

Na wewe huko Kibosho una kazi. Mlishe. Nyama, maharage, mboga za majani, asijinyime chakula ili awe mwembamba wa picha. Abebe ndoo, apande mlima na mzigo, auongeze kidogo kidogo. Mifupa haijengwi wiki ya kuripoti.

Ila baba, yote hayo siyo yanayonikosesha usingizi. Mimi sikutolewa jeshini na risasi. Nilitolewa na mimba, tena ya ndoa. Mwaka 1983 jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kozi ya usajenti. Mkuu wangu alipoona tumbo akalikata kwa kalamu nyekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa mkono, akasema, "Nenda kalee, Koplo, ulinzi tutaufanya sisi." Mwaka uliofuata nikaomba kuondoka. Mtoto huyo sasa ana miaka zaidi ya arobaini, ana kipara, na mimi bado ni koplo. Wale wa Eritrea nao, uhuru ulipopatikana 1991 wakarudi nyumbani, wengi waliachwa na waume waliowapatia hukohuko porini. Familia zilitaka mke mtulivu, asiyejua kufungua bunduki na kuifunga gizani. Adui aliwaheshimu kuliko mawifi.

Kwa hiyo kaa naye chini mwongee hayo. Matangazo ya kuandikisha jeshini hutaka kijana asiyeoa wala kuolewa. Sawa, lakini ajue mapema nini kinampata askari akizaa akiwa kazini. Asiulize barazani, amtafute afisa mwanamke aliye kazini leo amwulize yeye, maana mambo ya 1983 siyo ya leo na mimi nisimtishe kwa kalamu ya zamani. Na kuna lingine, baba, la aibu kulisema lakini nalisema: amri ikiwa mkononi mwa mtu mchafu, msichana wa miaka 20 yuko hatarini kabla hajamwona adui. Ajue kwamba siku akikupigia simu usiku, hutaanza kwa kumuuliza alivaa nini.

Jibu la swali lako: mpe baraka. Ruhusa alishaichukua.

Bibi Koplo, kila toleo ni kombati, kombati. Kwa maandishi yako mwenyewe hukuwahi kufyatua risasi vitani. Kwa nini mambo ya mapigano usiwaachie waliopigana?
*Chalii wa Tengeru*

Hata shikamoo hujaniamkia, chalii, lakini swali lako ni zuri kuliko adabu yako.

Ni kweli, sikufyatua. Aliyefyatua alikuwa marehemu mume wangu. Alitembea kutoka Mutukula hadi Kampala, akaingia siku mji ulipoanguka, Aprili 11, 1979. Hakupenda kusimulia. Alichokumbuka zaidi ni kiu, na miguu iliyooza ndani ya buti. Siku moja nilimuuliza: kwenye mtaro ule, pembeni yako angekuwa mwanamke, ingekuwaje? Akafikiri, akasema, "Ukiwa umelala kwenye tope unasikia mizinga, huulizi aliye kulia kwako anakojoaje. Unauliza kama ana risasi."

Nilifurahi nikadhani nimeshinda. Nikamuuliza tena: basi binti yetu akitaka, utamwacha aende? Akasema hapana. Nikamrukia: kwa sababu ni msichana? Akanyamaza kitambo, akichokonoa kiko chake. "Hata huyo kaka yake," akasema, "sitaki aende."

Hilo sijawahi kulijibu. Ukipata jibu niletee Majengo, ila uanze na shikamoo.

Shikamoo Bibi Koplo. Nimeitwa JKT mwezi ujao. Naishi Sakina, Arusha, sijawahi kulala nje ya nyumbani. Mchumba wangu anasema wasichana wakitoka huko wanakuwa na sauti nzito, na kwamba nikienda nisimtafute tena. Naogopa. Nichukue nini?
*Mwoga, Sakina*

Marahaba, mjukuu wangu. Sauti nzito utakayorudi nayo ni ya kukauka koo kwa kuimba mchakamchaka, inapona kwa wiki moja. Ya mchumba wako sijui inapona kwa nini. Kama amekuambia usimtafute, mtii. Huo ni mwanzo mzuri wa mazoezi ya kufuata amri.

Kuogopa ni sawa. Usiku wa kwanza kwenye hanga, yaani bweni la kambini, hakuna asiyelia, wengine hulia kwa kukohoa. Wa pili utakuwa umechoka mno kulia.

Kwenye begi: bukta ya bluu iliyokolea inayofika magotini, isiyo na zipu, na fulana ya kijani. Raba ngumu, na uzivae kuanzia leo, usiende nazo mpya, panda nazo hadi Sanawari na kurudi kwa miguu kila jioni na waache wenye vifodi, zile daladala ndogo, wakushangae. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi, watasema jozi moja, wewe beba nne. Sweta, kwa sababu asubuhi ya Oljoro ina upepo usio na huruma. Pedi za miezi yote, usitegemee duka. Sindano na uzi. Vyeti vyako halisi na nakala, na nauli ya kurudi uishone kwenye pindo la bukta, mahali ambapo hata wewe mwenyewe utachelewa kuikumbuka.