Mazoezi yameniharibia gofu yangu

SWALI: Mjomba, shikamoo. Nilianza gofu miaka mitatu iliyopita, nikivutwa na wenzangu watatu wa kazini. Kila Jumamosi tulikuwa tunacheza, tunapoteza mipira na kucheka. Mwaka jana nikatafuta mwalimu. Sasa jioni tatu kwa wiki napiga mipira 100, na huko mazoezini mpira unanitii. Jumamosi ikifika, nikiusimamia tu mpira naanza kujihubiria: kiwiko, kiuno, kichwa kisiinuke. Mpira unaishia vichakani. Wenzangu hawafanyi mazoezi hata siku moja na wananishinda. Juzi niliondoka baada ya shimo la 14 bila hata kuaga. Niache mazoezi au niache kucheza?

JIBU: Marahaba. Usiache chochote, ila hiyo mipira 100 nina ugomvi nayo.

Nadhani unashika chuma namba 7, ile fimbo ya masafa ya kati, unamaliza kikapu kizima cha mipira ukilenga bango lilelile. Sasa mpira wa 40 utakosaje kwenda vizuri, na 39 iliyotangulia imeshakurekebisha? Uwanjani hakuna mpira wa 40. Unapiga mmoja, unatembea, unawasubiri wenzako, unaukuta umelala kwenye mteremko, unashika fimbo nyingine. Wiki nzima umejifunza kazi moja, Jumamosi unapewa nyingine, halafu unajilaumu.

Yalinikuta na mimi. Miaka miwili nilitembea na kidaftari mfukoni, kila mkwaju nikiandika kosa langu. Siku moja, kwenye shimo la 7, mwenzangu aliuzamisha mpira kwa mkwaju mmoja tu, jambo ambalo wengi hucheza hadi uzeeni wasilione. Mimi nilikuwa nimeinama naandika "bega la kushoto". Nilichosikia ni kelele. Mpaka leo akisimulia, huwa ananitaja kama shahidi ambaye hakuona kitu.

Kwa hiyo punguza. Piga mipira 40, na fimbo moja usiitumie mara mbili mfululizo. Ucheze uwanja wenu kichwani: fimbo ndefu ya kuanzia shimo la kwanza, kisha chuma, kisha kamkwaju kafupi ka kusogea karibu na bendera. Muda unaobaki nenda penye nyasi fupi, ukasukume mpira shimoni. Kwenye uwanja uliopangiwa mikwaju 72, mikwaju 36 imehesabiwa kuwa ya huko, na bado nawaona watu wakienda moja kwa moja kwenye fimbo ndefu kwa sababu ina mlio mzuri. Mbebe mwenzako mmoja mshindane, atakayeshindwa aokote mipira.

Jumamosi mwalimu mwache mazoezini. Sheria zenyewe zimevitenga vitu hivi viwili: ukipiga mpira wa mazoezi katikati ya shimo unaongezewa mikwaju 2, lakini kupunga fimbo hewani bila kugusa mpira ni ruhusa. Basi ukipunga hewani, fikiria kiwiko unavyotaka. Ukishausogelea mpira, angalia unakotaka uende, upige.

Kuhusu wenzako wasiofanya mazoezi, usiwaonee kijicho. Kulikuwa na Mmarekani, Bruce Lietzke, maarufu kwa uvivu wa mazoezi. Mbeba fimbo wake aliwahi kuficha ndizi ndani ya kifuniko cha fimbo yake ndefu ili ajue kama ataigusa wakati wa likizo. Msimu ulipoanza tena, ndizi ilikuwa mlemle, imeoza. Na huyo alishinda mashindano 13 ya PGA Tour, ligi kubwa ya gofu ya kulipwa ya Marekani. Simsifii sana, maana pigo lake lilikuwa limeshakomaa na lako bado, ila ujue si kila mwili unadai kikapu.

Na hizo raundi mbovu zinazokunyima usingizi? Mfumo wa handikapu, yaani namba inayopima kiwango cha mchezaji, unaotumika duniani tangu 2020 unachukua matokeo 8 bora kati ya 20 ya mwisho. Kumi na mbili hayahesabiwi. Unaruhusiwa kuharibu zaidi ya nusu ya Jumamosi zako.

Wiki ijayo mpe mwenzako kadi yako ya kuhesabia mikwaju aiandike yeye, wewe usiichungulie mpaka mwisho. Ukichoka kwenye shimo la 9, rudi nyumbani. Mashimo 9 nayo yanakubaliwa kwenye handikapu. Ila safari hii uwaage, na lile la shimo la 14 uwaombe radhi kabla hamjaanza.