Si Kila “Sana” Ni “Very”

Wengi wenu mnaoanza kazi ya kuhudumu katika hoteli za hapa Kisumu mnakuja na Kiingereza cha kutosha. Menyu mnaisoma bila kusitasita. Kinachowakwaza ni vineno vinavyotangulia sifa: “very”, “too”, “quite”, “rather”. Nimehudumu mezani miaka 11, na kila wanagenzi wapya wakija naanza na vineno hivyo kabla hata ya kuwaonyesha namna ya kubeba trei.

Lililoniumiza mimi ni “too”. Wiki yangu ya pili kazini, mgeni aliniuliza kuhusu ngege, yaani tilapia. Samaki walikuwa wametoka Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, asubuhi ile ile, nami nikataka ajue hivyo. Nikamwambia, “It is too fresh.” Akanitazama, akairudia menyu, akaagiza kuku. Msimamizi ndiye aliyenieleza baadaye jikoni kwamba nilikuwa nimetaja kasoro. Mgeni alisikia kwamba samaki wetu ana shida, pengine hata hajaiva.

Kosa hilo tunalitoa nyumbani. “Mno” ya Kiswahili ina kazi mbili. Ukisema “chumvi ni nyingi mno” unalalamika. Ukisema “nimefurahi mno” umefurahi tu, hulalamiki. Waliotoka upande wa Kakamega wanashukuru kwa “orio muno”, na hakuna anayedhani shukrani imezidi. Mjaluo naye akisema “erokamano ahinya” ameshukuru sana, basi. Lakini “too” ikitangulia sifa huwa inasema jambo limepita mpaka, na kwa hiyo kuna kitu kimeharibika. Kabla hujaitamka, jaribu kumalizia sentensi kwa “hata”. Chai ni moto mno hata hainyweki: hapo “too hot” imekaa mahali pake. Samaki ni freshi mno hata... hata nini? Ukikosa la kumalizia, rudi kwenye “very”.

“Very” yenyewe ni salama, ila haikai kila mahali. Haishiki kitenzi moja kwa moja: sema “I like it very much”, usiseme “I very like it”. Tena kuna sifa zilizokwisha kufika kileleni, kama “excellent”, “freezing” na “impossible”. Hizo haziongezwi “very”. Mwenzake ni “absolutely”. Ninyi mnalijua jambo hili tangu utotoni. Mtoto akilala fofofo, nani husema amelala fofofo sana? Na fofofo haihami: giza ni totoro, nguo ni nyeupe pepepe, matatu imejaa pomoni. Ukisema giza fofofo utachekwa. Waingereza wana ndoa za namna hiyo pia. Aliyelala fofofo ni “fast asleep”, aliye macho kabisa ni “wide awake”, baridi kali ni “bitterly cold”. Unapoomba radhi kwa uzito, sema “deeply sorry”. “Highly sorry” haipo. Napenda sana sehemu hii ya lugha yao, kwa sababu haitaki kanuni, inataka sikio. Ukisikia ndoa mpya, iandike kwenye daftari maneno yote mawili pamoja.

“Quite” inahitaji subira. Wakati mmoja mgeni kutoka Uingereza aliandika kwenye kitabu chetu cha maoni kwamba chakula kilikuwa “quite good”, nasi tukafurahi jikoni nzima. Kwa Mwingereza, mara nyingi maneno hayo yana maana ya chakula kizuri kiasi, kinachoweza kuboreshwa. Mmarekani akiyaandika huelekea zaidi kwenye “kizuri sana”. Halafu Mwingereza yule yule akikwambia jambo ni “quite impossible”, anamaanisha haliwezekani kabisa, maana kisichowezekana hakina kiasi. Msikilize pia sauti yake. Akiikazia “quite” kuliko “good”, sifa inapungua. Hapo muulize kwa adabu ni nini kingemfaa zaidi.

“Fairly” na “rather” zote zinakaribia “kiasi fulani”, ila kila moja ina upande wake. “Fairly” huelekea kwenye jambo linalokubalika, na “rather” mara nyingi hubeba manung'uniko ya mtu mwenye adabu. Ikikutana na sifa njema, kama “rather good”, mgeni anakwambia ameona uzuri kuliko alivyotarajia, furahi. Lakini joto la Kisumu mnalijua. Akisema chumba ni “rather warm”, washa feni kabla hajaomba. Na akisema hivyo kuhusu soda, usijibu “thank you”. Ichukue, umletee nyingine iliyotoka kwenye friji sasa hivi.