Kabla hujamuuliza mtoto, jua jibu lake utalipeleka wapi

Kamati ya ulinzi wa watoto ikipata kafedha kidogo, utasikia: tufanye utafiti. Madodoso yanachapwa, vijana wa chuo wanaitwa, na kesho yake mwanafunzi wa darasa la tano anapewa karatasi ya kuuliza nani amewahi kumshika vibaya. Nimekaa kwenye kamati ya mtaa huku Mbagala miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa nafanya vibarua vya kukusanya takwimu. Ushauri wangu: hapo msianzie.

Ukubwa wa tatizo ulishapimwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotolewa 2011 na kuwahusisha UNICEF, Chuo Kikuu cha Muhimbili na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa au kuumizwa mwilini ni karibu robo tatu, wa kike kwa wa kiume. Ni takwimu za zamani, sawa. Lakini mzee anayesema kikaoni "huku kwetu hayo hayapo" hatashawishika na dodoso lenu la siku mbili.

Mimi kilichonisaidia zaidi kwenye ripoti ile ni mahali. Matukio mengi yalitokea nyumbani kwa mtu, shuleni, au njiani kwenda na kurudi shule. Sasa ni nyumba ipi, njia ipi? Hilo haliwezi kujibiwa na utafiti wa taifa. Hilo ni lenu.

Sisi tuliwapa watoto karatasi za manila na penseli za rangi, wachore njia ya kutoka shule hadi nyumbani: kijani panapowapa amani, nyekundu wasipopapenda. Hakuna kuandika jina, hakuna "ulifanyiwa nini". Nilitegemea nyekundu kwenye vibanda umiza na lile pagale la nyuma ya shule, na kweli zilikuwepo. Ila iliyokolea kuliko zote ilikuwa kituo cha daladala. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, konda hamtaki; denti anazuiwa mlangoni, gari linaondoka, anabaki pale mpaka giza linaingia. Anayekuja kumpa lifti si mgeni, ni bodaboda wa mtaani aliyeshamzoesha chipsi. Binti mmoja alichora pikipiki tano, akazizungushia nyekundu, kisha akauliza kama anaruhusiwa kufuta. Tukamwambia karatasi ni yake. Akafuta.

Mwenyekiti wa mtaa aliwaita viongozi wa kijiwe cha bodaboda waje wazione michoro wenyewe. Walikuja wakali kweli. Wakaondoka wamekubali kila dereva aorodheshwe kwa jina na namba ya reflekta.

Lakini hata ukiuliza habari za njia tu, yuko mtoto atakayekuvuta pembeni akuambie mengine. Huyo mpangie kabla hamjafungua boksi la penseli. Afisa ustawi wa jamii aijue tarehe yenu. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto awe anapatikana kwa simu. Mjue kituo cha mkono kwa mkono kilipo, kama kile cha Hospitali ya Amana, ambako daktari, polisi na ustawi wanakutana na mtoto mahali pamoja, asirudie kisa chake kila dirisha. Kama amebakwa, dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, kwa hiyo "tutaliongelea Jumatatu" haipo. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, hupigwa bure.

Na wewe usimhoji. Msikilize, mwambie hana kosa, usimrekodi kwa simu, wala usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Kisha jiandae kwa wajomba watakaotaka yamalizwe kifamilia kwa faini. Hapo uwe mkali hata kama utaitwa mvuruga ukoo, mimi nimeshaitwa.

Mkimaliza, rudini darasani mkawaeleze watoto nini kimebadilika. Sisi tuliporudi walituambia bodaboda wamepungua kuwasumbua. Makonda bado wanawaacha, na barua yetu kwa wenye magari haijajibiwa.