Ngwe: ya shambani na ya magazetini

SWALI: Ndugu Mhariri, magazetini nasoma "ngwe ya pili ya urais" na "ngwe ya lala salama" ya ligi. Bibi yangu naye akitoka shambani husema, "Nimemaliza ngwe yangu." Ni neno lilelile? Na ngwe moja ina ukubwa gani?

JIBU: Ni lilelile, na asili yake ni kamba. Ugwe ni kamba nyembamba, wingi wake ngwe, kama ubao na mbao. Eneo la kulima hupimwa kwa kamba iliyovutwa kati ya vigingi, kila mlimaji akaonyeshwa sehemu yake. Jina la kamba likahamia kwenye ardhi iliyopimwa, likawa la umoja: ngwe hii, ngwe yangu.

Konde ni shamba lenyewe. Ngwe ni sehemu uliyokabidhiwa uimalize, ndiyo maana waandishi wakaichukua: miaka mitano ya rais wa Tanzania ni kazi yenye mpaka, na michezo ya mwisho ya ligi pia. "Muhula" hutaja muda tu. Ngwe hukumbusha kwamba kuna kazi inadaiwa, na kwa hilo twaipenda zaidi.

Ukubwa wake hufuata makubaliano. Anayekupa ngwe mbili za kulima, muulize kwanza ni hatua ngapi kwa ngapi.

SWALI: Nagawa shamba la mahindi kwa vibarua. Ngwe zangu hutoka mshazari na watu hulalamika. Nakosea wapi?

JIBU: Kosa kubwa huwa kwenye pembe. Chomeka kigingi cha kona. Pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili, kisha sogeza upande mmoja mpaka umbali kati ya alama hizo mbili uwe mita 5 kamili. Hapo pembe ni mraba. Ukikata ngwe ya mita 10 kwa 10, hakiki kwa kupima kona hadi kona: vipimo vyote viwili visome mita 14 na sentimita 14. Ngwe kama hizo 100 ni hekta moja. Ekari ni karibu 40.

Kamba nayo hudanganya. Ya katani ikilowa hufupika, ya nailoni hurefuka ukiivuta kwa nguvu. Basi ipime upya kila asubuhi kabla ya kuanza. Ikiegemea bonge la udongo au kisiki, mstari hupinda. Penye mteremko, ishike kamba iwe sawa hewani badala ya kuilaza ardhini, na mistari ikatize mteremko ili maji yasichukue udongo.

Kwa kupanda, acha sentimita 75 kati ya mistari, na funga mafundo kwenye kamba kila sentimita 30, mbegu moja kila fundo. Ngwe ya mita 10 kwa 10 itabeba mahindi kama 444. Ukibana zaidi, mimea hugombea mwanga na maji, mabua huwa membamba na magunzi madogo.

Malalamiko mengine ni ya haki hata vipimo vikiwa sahihi. Ngwe yenye visiki na magugu ya sangari hailingani na iliyolimwa mwaka jana. Ipunguze, au iongezee malipo.

SWALI: Je, ngwee ya Zambia ina undugu na ngwe?

JIBU: Hapana. Ngwee, sehemu ya mia ya kwacha tangu 1968, hutaja mwangaza.