Plastiki si bati: kutoboa matundu bila nyuzi wala nyufa

Tundu likitoka na nyuzinyuzi ukingoni, wengi huilaumu presi, ile mashine inayogandamiza. Tazama kwanza punchi, yaani kipande cha chuma kinachotoboa, na dai, yaani kile kitako chenye tundu linalopokea punchi. Mara nyingi vilichongwa kwa mazoea ya bati.

Bati huvumilia nafasi ya asilimia 5 hadi 10 ya unene wake kila upande kati ya punchi na dai, kwa sababu chuma hukatika kabla punchi haijafika chini. Plastiki kama polipropilini na polietilini hazikatiki hivyo. Huvutika, zikajipenyeza kwenye ile nafasi, na hapo ndipo nyuzi zinapozaliwa. Anza na asilimia 1 hadi 3. Kwa bamba la milimita 2, asilimia 2 ni milimita 0.04 tu, kwa hiyo punchi ikiyumba kidogo itagonga dai. Kagua nguzo za kuongozea punchi na bushi zake (mikono ya chuma ambamo nguzo huteleza) kabla ya kubana nafasi, la sivyo utanunua punchi nyingine wiki hiyohiyo. Makali yakishakuwa butu, hata nafasi sahihi haisaidii.

Plastiki pia hurudi baada ya kukatwa, na tundu hupungua kidogo. Tundu la milimita 10 likitoka 9.95, ongeza kipenyo cha punchi kwa 0.05, na dai itanuliwe kwa kiasi kilekile. Pima kipande kikiwa kimepoa kabisa.

Nyufa zina chanzo kingine. Plastiki za akriliki na polistirini huvunjika kwa urahisi, hazipendi kugongwa zikiwa baridi. Zipashe moto kiasi, chini ya joto la kulainika (akriliki hulainika kwenye nyuzi 105 hivi za Selsiasi), au tumia keekee. Nailoni iliyokauka mno nayo hupasuka, ilhali ikishanyonya unyevu wa hewa huwa imara. Kipande kilichotoka kwenye moldi, yaani kalibu ya kuundia plastiki, hutoboka vizuri kikiwa bado vuguvugu, ila kitaendelea kusinyaa: umbali kati ya matundu utapungua, na ni lazima uuhesabu mapema. Usitoboe kwenye mstari ambapo mikondo miwili ya plastiki ilikutana ndani ya moldi, wala karibu na ukingo kuliko mara mbili ya unene.

Usipake mafuta yoyote tu. Plastiki za polikaboneti na ABS hupasuka polepole zikikutana na baadhi ya mafuta na viyeyusho, na ufa unaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, mzigo ukiwa umeshaondoka.

Nguvu inayohitajika ni mzingo wa tundu mara unene mara uimara wa kukatwa. Kipenyo cha milimita 10, unene 2, uimara 40 N/mm² (nyutoni kwa kila milimita mraba): takriban nyutoni 2,500. Ni ndogo, lakini plastiki huing'ang'ania punchi inaporudi juu, hivyo bamba la kuvulia, lile linalozuia kipande kisipande na punchi, likibane kipande kabla punchi haijagusa. Kijiduara kilichokatwa kikipanda na punchi kwa umeme tuli, weka pini yenye springi katikati ya punchi ikisukume chini.